Fonti za maandishi ya ramani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtu akianza kutengeneza ramani hushughulika kwanza na rangi. Fonti huikumbuka mwishoni, ramani ikiwa imeshachapwa na mtu wa kwanza kuishika anauliza, "Hapa pameandikwa nini?" Haya ni majibu ya maswali ninayoulizwa na wenzangu wanaotumia QGIS, ArcGIS Pro, GeoServer, MapLibre na programu nyingine za kutengeneza ramani au kuziweka mtandaoni. Anza na swali linalokusumbua.

Kuna ubaya gani kuacha fonti iliyokuja na programu?

Wakati mwingine hakuna. Ramani ya kuchungulia data yako mwenyewe kwa dakika mbili haihitaji zaidi ya hapo. Ila ujue kwamba fonti ile haikuchaguliwa kwa ajili ya ramani. Mara nyingi ni ile ile inayoandika menyu za kompyuta. Tahoma, kwa mfano, ambayo imeenea sana kwenye ramani, ilibuniwa kwa ajili ya menyu na madirisha ya Windows, mahali ambapo maandishi hulala sawa juu ya rangi moja tulivu.

Jina kwenye ramani halina raha hiyo. Linakatwa na barabara, linakaa juu ya kontua (mistari ya kimo) na misitu, linapindwa kufuata mto, tena kwa udogo wa pointi sita au saba. Na liko peke yake. Ukisoma aya, hata herufi moja ikififia, maneno ya jirani yanakusaidia kukisia. Jina la kijiji ambacho msomaji hajawahi kukisikia halina jirani wa kulisaidia. "rn" ikionekana kama "m", msomaji ataondoka na jina lisilokuwepo duniani, wala hatajua.

Nitaijuaje fonti inayofaa?

Kuna mambo ya kuangalia kwa macho, kisha kuna jaribio moja ambalo mimi naliamini kuliko yote.

Kwa macho, anza na urefu wa herufi ndogo zisizo na mkia wala kichwa: a, n, x, o. Fonti mbili zinaweza kuwa na ukubwa wa pointi nane zote, na bado moja ikaonekana kubwa kuliko nyingine kwa sababu "x" yake ni ndefu zaidi. Kwa maandishi madogo, hiyo ndiyo unayoitaka. Kisha tazama midomo ya c, e, a na s. Ikiwa imefunguka vizuri, herufi itabaki yenyewe hata ikipunguzwa. Ikiwa inakaribia kufunga, "c" itageuka "o" na "e" itaziba. Halafu andika kwa pamoja I kubwa, l ndogo na tarakimu 1. Andika O na 0. Andika B na 8. Kwenye fonti nyingi I na l ni kijiti kile kile. Kwenye riwaya haina madhara, lakini kwenye ramani ya viwanja vyenye namba kama "Il1" ni balaa. Mwisho, angalia familia nzima: kuna uzito mwembamba, wa kawaida na mzito? Kuna italiki ya kweli? Kuna umbo jembamba la kubana nafasi?

Sasa jaribio. Toa kwenye data yako majina kumi mabaya kuliko yote: refu kupita kiasi, lenye alama juu ya herufi, lenye apostrofi, lenye tarakimu, lenye herufi mbili zinazofanana zikifuatana. Yaweke kwenye sehemu ya ramani iliyosongamana kuliko zote, kwa ukubwa mdogo kuliko wote utakaoutumia. Kama ramani itachapwa, chapa kipande hicho kwa ukubwa wake halisi. Kama itatazamwa kwenye simu, ifungue kwenye simu, nje, juani. Kisha mpe mtu asiyeyajua majina hayo akusomee kwa sauti. Usijisomee mwenyewe, kwa sababu wewe unayajua na ubongo wako utakudanganya.

Watu wengi hujaribu fonti kwa kuandika jina la mji mkubwa juu ya ukurasa mweupe. Hapo kila fonti hupendeza.

Serifu au bila serifu?

Serifu ni vile vikia vidogo kwenye ncha za herufi. Desturi ya wachoraji ramani ni kuzitumia aina zote mbili kama lugha: majina ya vitu vya asili (milima, mabonde, maji) kwa fonti ya serifu, na majina ya vitu vilivyotengenezwa na watu (miji, barabara, mipaka) kwa fonti isiyo na serifu. Msomaji haambiwi, lakini baada ya dakika chache jicho lake limeshaelewa.

Kwenye karatasi bado naipenda desturi hiyo. Kwenye skrini siitumii sana, kwa sababu vile vikia ni vyembamba na kwa pikseli kumi na moja hugeuka ukungu. Hapo natumia familia moja isiyo na serifu na kuacha italiki, rangi na uzito vifanye kazi ya kutenganisha.

Tatizo la herufi nyembamba kupotea zikipunguzwa si jipya. Katika miaka ya 1930, ramani za National Geographic zilichorewa herufi zake maalumu na Charles Riddiford, ili zipangwe kwa mashine ya picha na zivumilie kukuzwa na kupunguzwa. Kabla ya kompyuta, watu walichora fonti nzima kwa sababu ya ramani. Sisi tunashindwa hata kubofya orodha.

Nitajie majina ya fonti, basi.

Haya, kwa kuanzia:

Noto Sans, kama majina yako yanatoka katika lugha nyingi. Familia ya Noto ya Google ilitengenezwa ili kusiwe na herufi inayokosa umbo, na ndiyo inayoandika majina kwenye mtindo wa kawaida wa ramani ya OpenStreetMap. Kasoro yake ni upana: majina marefu hula nafasi.

Source Sans na Fira Sans. Zote mbili zina uzito wa kila aina na italiki nzuri. Source Sans ni nyembamba kidogo, jambo linalosaidia ramani iliyojaa. Kama nimelazimishwa kuchagua moja bila kuiona data, huchagua hii.

Open Sans ni ya kawaida mno, na hilo si tusi. Mdomo wa kila herufi uko wazi na inapatikana kila mahali.

B612 ilibuniwa kwa ajili ya skrini za marubani wa ndege za Airbus. Tarakimu zake hazichanganyikani, kwa hiyo inafaa kwa namba za longitudo na latitudo, vimo na namba za nguzo. Ina uzito mbili tu na si fonti ya kupamba, ila kazi yake inaijua.

Atkinson Hyperlegible ya Braille Institute, ya mwaka 2019, ilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye uoni hafifu. I, l na 1 zake haziwezi kuchanganywa hata ukitaka.

Kwa majina ya barabara za mjini, Roboto Condensed au nyingine nyembamba ya jinsi hiyo. Usiishushe chini ya pointi saba. Herufi zilizobanwa zikipunguzwa hushikana.

Ukitaka serifu, Source Serif au Noto Serif. Kwa lugha zenye herufi na alama nyingi za ziada, Gentium na Charis za shirika la SIL ni imara sana.

Kama una fedha za leseni, Frutiger bado inapigiwa mfano. Adrian Frutiger aliibuni kwa ajili ya mabango ya uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle huko Paris katika miaka ya 1970, ili isomwe na mtu anayetembea kwa haraka akiwa mbali. Msomaji wa ramani hana tofauti kubwa na msafiri huyo.

Familia mbili zinatosha kwa ramani yoyote. Ya tatu huwa ni ya kumridhisha mchoraji.

Maandishi yawe na ukubwa gani?

Kwanza elewa kipimo ulichochagua, kwa sababu programu nyingi hutoa vinne. Pointi moja ni sehemu ya 72 ya inchi, yaani kama milimita 0.35. Milimita zinajieleza. Pikseli ni za skrini. Cha nne ni vipimo vya ramani, mara nyingi mita za ardhini: ukichagua hicho, maandishi yatakua na kupungua kadiri unavyosogea karibu au mbali. Hicho ni kizuri pale jina linapotakiwa kukaa ndani ya kiwanja au jengo kwa skeli moja iliyojulikana. Kwingine kote ni mtego: unafurahia ramani kwenye skeli moja, unasogea, majina yanageuka vumbi au mabango.

Kwa karatasi inayoshikwa mkononi, pointi sita ndiyo sakafu, na hapo ni kwa fonti yenye "x" ndefu, rangi nyeusi na mandhari meupe nyuma yake. Saba au nane ni za amani. Kwa skrini siendi chini ya pikseli 11. Kwa bango la ukutani, piga hesabu ya umbali: kama pointi nane zinasomeka kwa sentimita 40, mtu aliyesimama mita mbili yuko mbali mara tano, kwa hiyo anahitaji pointi 40 ili aone kile kile. Watu hushtuka wakiisikia namba hiyo, wakaweka 14, kisha wasikilizaji wote wakasogea ukutani kama nzi.

Baina ya daraja na daraja acha pengo linaloonekana. Mji mdogo kwa pointi 8 na mji mkubwa kwa 8.5 ni kama kumwambia msomaji siri. Ngazi kama 7, 9, 12 na 16 inatosha.

Italiki, herufi kubwa na herufi nzito nizitumie wapi?

Italiki ni ya maji. Mito, maziwa, ghuba na bahari huandikwa kwa herufi za mlazo, kwa kawaida kwa rangi ya buluu iliyokolea kuliko buluu ya maji yenyewe. Mlazo wake unafuata mwendo wa mto, na jina lililopindwa kwa italiki halionekani limeanguka kama lile la herufi wima. Hakikisha tu ni italiki ya kweli iliyochorwa na mbunifu. Fonti isipokuwa nayo, programu nyingine huzisukuma herufi za kawaida upande, na matokeo yake yanachosha macho. Uzito nao ni hivyo hivyo: pasipo fonti nzito ya kweli, kompyuta hupaka wino zaidi pembeni na matundu ya "a" na "e" yakaziba.

Herufi kubwa tupu ni za maeneo mapana: nchi, mikoa, safu za milima, bahari. Hizo unaweza kuzitawanya, nafasi baina ya herufi ikapanuliwa ili jina lienee juu ya eneo lake. Herufi ndogo usizitawanye; neno linavunjika na msomaji anakusanya herufi moja moja kama anayeokota shanga.

Nzito iwe kwa kilicho muhimu kuliko vingine kwenye ramani hiyo, na kiwe kimoja.

Ule ukingo mweupe unaozunguka herufi, niuweke?

QGIS huuita bafa, programu nyingine huuita halo. Ndiyo, uweke, lakini uwe kitu ambacho msomaji hakioni. Kosa la kawaida ni kuuwasha na kuuacha ulivyo. Kwenye QGIS huanza na upana wa milimita moja, rangi nyeupe. Fikiria: herufi ya pointi nane ina mstari wa kama robo ya milimita, na wewe umeipa koti la milimita moja kila upande. Ramani inakuwa kama imebandikwa plasta. Barabara zinakatika, kontua zinapotea, na jicho linavutwa na weupe badala ya jina.

Mimi huanza na milimita 0.4 na sipiti 0.6 isipokuwa juu ya picha za angani. Rangi haiwi nyeupe tupu. Naichukua rangi ya ardhi iliyo chini ya maandishi na kuipausha kidogo. Juu ya msitu wa kijani hafifu, halo ya kijani hafifu zaidi. Nikishaiweka, naizima na kuiwasha mara kadhaa: kama tofauti pekee ni kwamba jina linasomeka vizuri zaidi, nimepatia. Pembe za halo ziwe za duara. Zikiwa za kuchongoka, herufi kama M na W huota miiba.

Kwenye MapLibre kuna mpaka ambao huwashangaza watu: halo haiwezi kuzidi robo ya ukubwa wa maandishi. Hiyo ni kwa sababu ya jinsi herufi zinavyohifadhiwa humo, na hakuna mpangilio wa kuukwepa.

Njia bora zaidi kwenye QGIS, kama una subira, ni barakoa. Badala ya kupaka rangi kuzunguka jina, unaiambia programu ifute mistari ya tabaka fulani tu pale jina linapopita. Kontua zinakatika kwa adabu, rangi ya ardhi inabaki bila doa. Inachukua muda kupanga, na faili ya kuchapa huwa nzito zaidi.

Kwa nini baadhi ya majina yanaonyesha vibox, na mengine herufi za ajabu?

Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na watu hupoteza siku nzima wakitibu moja kwa dawa ya jingine.

Kibox kitupu maana yake kompyuta inaijua herufi hiyo lakini fonti haina umbo lake. Data yako ni nzima. Badilisha fonti: jaribu Noto Sans, Gentium au Charis, na ŋ, ɓ, ĩ au ũ itarudi mahali pake.

Herufi za ajabu ni jambo jingine. Ukiona "Å©" mahali palipotakiwa kuwa na "ũ", au "â€™" mahali pa apostrofi, fonti haina hatia. Data imeandikwa kwa usimbaji (namna ya kuhifadhi herufi kwa namba) wa UTF-8 na programu inaisoma kana kwamba ni usimbaji wa zamani wa Windows, ikigawa kila herufi ya aina hiyo vipande viwili au vitatu. Ubadilishe fonti mara mia, haitasaidia kitu. Nenda kwenye mipangilio ya chanzo cha tabaka, chagua UTF-8. Shapefile, aina ya data ya ramani inayokaa kwenye faili kadhaa, ndiyo inayoongoza kwa ugonjwa huu, kwa sababu taarifa ya usimbaji hukaa kwenye kijifaili kidogo cha .cpg ambacho watu hukisahau wanapotuma zile nyingine.

Kuna la tatu, baya kuliko yote: alama ya kuuliza, "?", palipokuwa na herufi. Hapo mtu alihifadhi data kwa usimbaji usioijua herufi hiyo na herufi ikafutwa. Haiko tena. Tafuta nakala ya zamani.

Majina yenye ng' yananisumbua. Apostrofi moja inaonekana, nyingine haionekani. Kwa nini?

Kwa sababu si apostrofi moja. Ile ya kibodi, iliyonyooka, ni U+0027 (namba yake katika orodha ya herufi ya Unicode). Ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, ni U+2019. Na kuna ya tatu, U+02BC, inayopendwa na wataalamu wa lugha kwa sababu inahesabika kama herufi. Kwenye skrini hazitofautiani sana, lakini kwa kompyuta ni vitu vitatu. Fonti nyingi zina mbili za kwanza, baadhi hazina ya tatu. Tena ukitafuta jina kwa apostrofi ya kibodi, yale yaliyoandikwa kwa iliyopinda hayatokei.

Chagua moja kwa data nzima, badilisha zote kwa mkupuo, kisha ndipo uanze kulaumu fonti. Fanya vivyo hivyo kwa herufi zenye alama: "ũ" inaweza kuwa herufi moja kamili, au "u" pamoja na alama ya juu iliyoandikwa kando. Programu nyingine huiweka alama hiyo pembeni kama kofia iliyovaliwa vibaya. Badilisha maandishi yawe katika umbo la NFC, yaani herufi kamili, na tatizo hilo hupungua sana.

Kwenye ramani ya wavuti fonti zangu hazitokei kabisa. Nakosea wapi?

MapLibre na jamaa zake kwa kawaida haziangalii fonti zilizo kwenye kompyuta ya msomaji kama kurasa za kawaida zinavyofanya. Zinataka herufi zilizogeuzwa kuwa faili za PBF, zikiwa zimepangwa kwenye seva kwa mafungu ya herufi 256: 0-255, 256-511, na kuendelea hadi faili 256 kwa fonti moja. Kivinjari huomba lile fungu tu linalohitajika.

Ukijua hilo, makosa mengi yanajieleza. Majina ya kawaida yanatokea lakini yenye ŋ hayatokei? ŋ iko kwenye fungu la 256-511, na pengine uliweka la kwanza tu. Apostrofi iliyopinda iko mbali zaidi, kwenye 8192-8447. Nimeona watu wakipakia mafungu mawili "kwa sababu sisi tunaandika kwa herufi za Kilatini tu", kisha kila jina lenye ’ likaleta kosa la 404, yaani faili haipo.

Jambo jingine: ukiandika fonti mbili kwenye text-font, mpangilio wa MapLibre wa kutaja fonti, usidhani kivinjari kitajaribu ya kwanza kisha ya pili. Huyaunganisha majina yote mawili kwa mkato na kuomba kitu kimoja kwenye seva. Seva isiyojua kuziunganisha itajibu kwamba haina kitu hicho, na maandishi yanaweza yasionekane hata kidogo. Kama faili zako ni za kuwekwa tu kwenye folda, andika jina la fonti moja, na liwe sawasawa na jina la folda, herufi kwa herufi.

Kwa GeoServer kanuni ni nyingine: fonti iwepo kwenye seva yenyewe. Kuwa nayo kwenye kompyuta yako hakusaidii. MapServer nayo husoma faili ya FONTSET, yenye jina fupi la fonti na njia ya kuifikia, mstari mmoja kwa kila fonti.

Ramani ilikuwa nzuri kwangu, ikaharibika kwa mwingine. Kumetokea nini?

Hana fonti yako. Kompyuta yake ikachagua nyingine kimya kimya. Hilo lilinipata: nilimpelekea mchapishaji faili ya SVG (aina ya faili ya mchoro) yenye maandishi halisi, nikiwa nimetumia fonti nyembamba. Kwake haikuwepo, ikawekwa nyingine pana. Kila jina likarefuka, mengine yakapanda juu ya majirani zake, na jina la ziwa likatua nchi kavu. Nakala zikachapwa zote kabla mtu hajatazama.

SVG yenye maandishi haibebi fonti ndani yake, isipokuwa uipachike mwenyewe. Kwa kuchapa, toa PDF, na kwenye dirisha la QGIS la kutoa ramani uchague maandishi yageuzwe kuwa michoro. Hapo hayawezi kubadilika sura popote yaendako. Gharama yake ni kwamba msomaji hawezi kutafuta jina ndani ya PDF, na faili inakuwa nzito. Kwa ramani itakayosomwa kwenye skrini, acha maandishi yawe maandishi, kisha fungua sifa za PDF uhakikishe fonti imepachikwa.

Kwa wenzako mnaoshirikiana mradi mmoja, weka faili za fonti ndani ya folda ya mradi, pamoja na leseni yake. Fonti za kisasa zenye faili moja inayobadilika uzito ni nzuri, lakini programu za ramani bado hazizielewi kwa usawa. Beba faili tofauti kwa kila uzito.

Je, fonti iliyo kwenye kompyuta yangu naweza kuitumia nitakavyo?

Hapana. Arial, Calibri na Segoe zimekuja na leseni ya Windows au Office. Kuchapa ramani kwa fonti hizo hakuna tatizo. Kuzinakili kwenye seva au kuzigeuza kuwa PBF na kuzigawa kwa dunia ni jambo jingine, linalohitaji ruhusa yake. Ndiyo maana nimependekeza fonti za leseni ya SIL Open Font License: unaruhusiwa kuzitumia, kuzipachika na kuzigawa pamoja na kazi yako, mradi usiiuze fonti yenyewe peke yake. Ukiibadilisha, huenda ukatakiwa kuipa jina jipya. Soma faili ya OFL.txt, ni fupi.

Ramani yenye mandharinyuma meusi inahitaji fonti tofauti?

Fonti ile ile, uzito tofauti. Maandishi meupe juu ya weusi huonekana manene kuliko yalivyo, mwanga wake ukimwagika pembeni. Kwa hiyo shuka daraja moja la uzito, ongeza nafasi kidogo baina ya herufi, na badala ya nyeupe tupu tumia kijivu cheupe. Tofauti ya mwangaza baina ya maandishi na mandhari isipungue 4.5 kwa 1, kiwango ambacho miongozo ya WCAG, ya kufanya wavuti isomeke na watu wote, inakitaka kwa maandishi ya kawaida. Na halo iwe nyeusi. Unacheka, lakini halo nyeupe juu ya ramani nyeusi nimeiona zaidi ya mara moja.

Majina ya Kiarabu yanatokea herufi moja moja, tena kinyumenyume.

Programu haijui kuunganisha herufi hizo. Fonti peke yake haitoshi. QGIS hufanya kazi hiyo yenyewe. MapLibre inahitaji uiongezee programu-jalizi ya maandishi yanayoanzia kulia.

Alama za hospitali, shule na viwanja vya ndege niziweke kwa fonti ya alama?

Ilikuwa njia ya kawaida zamani, na miradi mingi ya ArcMap, iliyotangulia ArcGIS Pro, bado imejaa fonti za alama za ESRI. Siku fonti hiyo ikikosekana, hospitali yako inageuka herufi "H", au mbaya zaidi, "q". Tumia SVG.

Nimetengeneza KML (faili ya maeneo ya kufunguliwa kwenye Google Earth) yenye majina. Nawezaje kuchagua fonti itakayoonekana kwenye Google Earth?

Ndani ya faili huwezi. KML inaruhusu kuchagua rangi na ukubwa wa lebo tu. Jina la fonti halina mahali pa kuandikwa. Kwenye Google Earth Pro ya kompyuta kuna kitufe cha kubadilisha fonti kwenye mipangilio ya mwonekano wa 3D, lakini kinabadilisha kwako peke yako. Kama sura ya herufi ni lazima ifike kwa msomaji jinsi ulivyoipanga, mpe PDF au picha pamoja na hiyo KML.